Zamu ya Rogath

Same Mjini,
7 Julai 2025

Shemeji Faustina,

Shikamoo. Barua hii nimemwachia Zaituni kwenye kibanda chake pale stendi ampe dereva wa gari la Vudee. Zaituni ameapa kwamba dereva huyo hapotezi kitu isipokuwa chenji ya abiria, kwa hiyo natumaini imekufikia. Nimekupigia simu tangu mwezi wa nne, haipatikani. Sikulaumu. Ningekuwa na ujasiri na mimi ningeizima yangu.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda ofisini, narudi. Watu wananiuliza naendeleaje tangu kaka afariki, nawajibu naendelea vizuri, wanaridhika. Sijui kama ni uongo. Sisikii kitu, shemeji. Siku ya maziko nilijiambia nitalia baadaye nikipata nafasi. Nafasi nimeipata, kilio hakijaja.

Nimeandika kwa sababu ya kazi. Vile visanduku ambavyo kaka aliwafungia ninyi mnaomwagilia kwa maji ya bwawa letu la ndiva, vinavyosema kila jioni kesho ni zamu ya nani, vinaongozwa na programu aliyoiandika yeye, nayo iko kwenye mashine hapa ofisini kwetu. Kila kisanduku kina anwani yake kwenye mtandao, kama nyumba inavyokuwa na namba. Anwani za mtindo wa zamani zilikuwa fupi, na zimekwisha dunia nzima. Kampuni inayotuuzia mtandao imetangaza kwamba mwisho wa mwezi huu itabakiza za mtindo mpya tu, ambazo ni ndefu kama treni ya mizigo. Programu ya kaka haizijui. Ikikutana nazo itakaa kimya, na ninyi mtarudi kwenye kupiga pembe na kugombana kwenye mlango wa bwawa.

Kwa hiyo naibadilisha ili iweze kuzisoma. Nina swali moja tu: kisanduku cha kwenu kinawaka? Ningepanda kuangalia mwenyewe, ila kazi ni nyingi.

Shemeji yako,
Aminiel


Vudee,
11 Julai 2025

Aminiel,

Marahaba. Barua imefika, chenji sijui.

Simu nimeizima kwa sababu ya pole. Watu wema wananipigia kunipa pole, halafu wanalia wao, halafu mimi ndiye nawabembeleza. Nimechoka kubembeleza. Ukiwa na neno, andika.

Huku kuko kama unavyokujua wakati wa kiangazi, upepo na vumbi. Maharage yameanza kutoa maua, kabichi nimeshahamishia bondeni. Asubuhi najikuta nimemaliza kufagia uwanja na sikumbuki kushika ufagio. Napika makande sufuria ile ile kubwa, nakula kidogo, yanayobaki nawapa kuku. Mama Kurwa ameniambia kuku wangu wananenepa kwa msiba. Nilicheka, kwa mdomo.

Mambo ya anwani siyajui. Kaka yako alikuwa ananieleza nikichambua mboga, mimi naitikia tu. Ninalojua ni kwamba maji ndiyo yanayoniweka hapa. Mjane asiye na zamu ndiva hana shamba, na asiye na shamba anafunga vitu vyake anarudi kwao. Kwetu ni Shighatini, huko nako kaka zangu wamejaa. Kwa hiyo fanya unavyoona, mradi maji yaje.

Kisanduku kipo mahali pake.

Kazi ni nyingi, sawa. Gari linapanda kila siku.

Faustina


Same Mjini,
29 Julai 2025

Shemeji,

Shikamoo. Kazi imekwisha, nakupa taarifa.

Programu ya kaka ni kama yeye mwenyewe alivyokuwa: imara, na haina mlango wa wageni. Alitenga nafasi ya namba nne tu, akazipigilia misumari. Anwani mpya ikija haina pa kukaa. Imenibidi nivunje ukuta kila mahali alipotaja neno anwani, nijenge upya, nijaribu, nivunje tena. Wiki tatu nimekaa ndani ya kichwa chake. Mtu angetarajia niumie. Nilikuwa nafanya tu, kama mtu anayemenya viazi vya harusi isiyo yake.

Mengine sikuyaelewa. Namba ya mwisho ya kila anwani alikuwa anaipanga kwa mkono, moja, mbili, tatu, anaendelea hivyo hivyo, kana kwamba anahesabu kuku wakati wa kuwafungia. Siku hizi hakuna haja hiyo. Kwa mtindo mpya kifaa kinajichagulia chenyewe mkia wa anwani yake, nami nimeviacha vijichagulie. Maelezo yoyote hakuandika. Siku moja nilishika simu nimpigie nimuulize. Nilishafika kwenye jina lake ndipo nikakumbuka. Nikaiweka mezani, nikaendelea na kazi.

Jana nimehamisha kila kitu. Visanduku vyote vimeitika isipokuwa kimoja, nadhani ni kile cha shuleni, maana kaka aliwahi kuniambia kiliunguzwa na radi. Nimeweka kanuni kwamba kisichoitika kiondolewe kwenye mzunguko, programu isipoteze muda kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Sauti ya kaka sijaigusa. Anayetaja majina bado ni yeye.

Shemeji yako,
Aminiel


Vudee,
9 Agosti 2025

Aminiel,

Nimepokea barua, nimeielewa.

Nawashukuru ndugu wa marehemu kwa yote. Mlimzika vizuri, mlinikalia matanga mpaka mwisho, hakuna aliyelala njaa. Sina lawama. Kama ukoo umekaa, umekaa. Nilidhani nitaitwa nami nisikie, lakini aliyekufa ganzi hachagui pa kuchomwa sindano.

Nimemwandikia kaka yangu Shighatini aje na gari baada ya mavuno, kama kutakuwa na mavuno.

Msalimie mama ukimpata. Usihangaike kujibu.

Faustina


Vudee,
16 Agosti 2025

Kwa Ndugu Aminiel, Fundi wa Mitambo,

Salamu nyingi. Sisi wazee wa ndiva ni wazima, isipokuwa magoti. Nimejaribu kukupigia simu, kila mara naambiwa na mwanamke mwenye sauti nzuri kwamba hupatikani, nikaona niandike.

Kwanza. Tangu ulipoibadilisha mashine, zamu zimevurugika. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua kwamba maji huanza kwa aliye juu, yakateremka shamba kwa shamba hadi kwa Mama Kurwa kule mwisho, ili mfereji ukishaloa uendelee kuloa. Marehemu kaka yako hakukurupuka. Aliutembea mfereji wote pamoja nasi, akampa kila mtu namba kwa jinsi maji yanavyompitia, akasema hiyo ndiyo itakayokuwa namba yake hata kwenye mashine. Sasa kisanduku kinaanza na Mama Kurwa, kesho yake kinapanda juu kabisa, keshokutwa kinarudi katikati kama mlevi anayetafuta kwake. Maji yananywewa na mfereji mkavu kabla hayajafika shambani. Mzee Abdulrahmani amepoteza nyanya. Kwenye mlango wa ndiva wanawake wawili walitoleana majembe. Hawakupigana, walikumbushana tu historia ya koo zao, nasi tuliosikia tumejifunza mengi.

Hilo tungelivumilia, mashine ni mashine. Lililonifanya nitafute kalamu ni la pili. Jina la marehemu Rogath halitajwi tena. Desturi unaijua: zamu ya marehemu haiguswi mpaka ndugu yake wa kiume asimame mbele ya ndiva aseme inakwenda kwa nani. Ndugu ni wewe, na mwenye mashine ni wewe. Jina lilipokosekana sisi tulisema, basi, ndugu amesema, ingawa amesema kisasa. Hatukuona kama ni adabu kuuliza. Mjane naye hakuuliza. Hajafungua maji tangu mwezi wa saba. Maharage yake ya upande wa juu yamekauka na kabichi zimejikunja. Nilimtuma mke wangu akamwone. Faustina alimpa chai, akamwambia shamba ni la wenyewe, akaendelea kupembua mchele.

Lakini nimeishi na ukoo wenu muda mrefu, na sijapata kuona mkiamua jambo kwa ukimya. Ninyi ni watu wa kelele. Kwa hiyo nakuuliza mimi, kwa niaba ya wasiouliza: ulisema, au hukusema?

Jumatano ya tarehe ishirini na saba tuna msaragambo wa kuzoa tope kwenye ndiva. Kila nyumba inatoa mtu na jembe. Kwenu hatujaona mtu siku nyingi.

Mimi,
Mzee Mgonja
Mwenyekiti wa Kamati ya Ndiva


Same Mjini,
18 Agosti 2025

Shemeji Faustina,

Shikamoo. Sikusema.

Mzee Mgonja ameniandikia, ndiyo maana nimejua. Ukoo haujakaa, shemeji. Hakuna aliyekaa ila mimi, kwenye kiti cha ofisini, nikiwa na kikombe cha chai, nikaandika kanuni ya mistari miwili kwamba kisanduku kisichoitika kiondolewe. Kumbe kisichoitika hakikuwa cha shuleni. Kilikuwa chenu. Nimeuliza, kile cha shuleni kaka alishakibadilisha zamani. Sikuuliza kabla.

Na zile namba. Mimi niliyekulia kwenye mfereji huo huo, niliyechapwa utotoni kwa kuziba maji ya watu, nimeona moja, mbili, tatu, nikasema kaka alikuwa mshamba wa kompyuta. Programu ilikuwa inatazama mkia wa anwani ili ijue nani anafuata. Nilipoviacha vifaa vijichagulie mkia, niliwapangia ninyi maji kwa bahati nasibu. Naona aibu. Nimefurahi kidogo kuiona, maana ni muda mrefu sijaona kitu.

Nimerekebisha. Zamu haisomwi tena kwenye anwani. Nimeiandika peke yake, nyumba baada ya nyumba, kama maji yanavyoteremka, na nimempigia Mzee Mgonja akaihakiki mwenyewe. Sasa anwani hata ikibadilika mara mia, zamu inabaki pale pale. Kanuni ya kuondoa watu nimeifuta. Jina la Rogath limerudi mahali pake, chini ya Mzee Abdulrahmani.

Lakini kisanduku chenu bado hakiitiki. Kimeharibika? Na niambie jambo jingine. Sauti inasema zamu ya Rogath. Ukitaka nitaitoa, tutarekodi jina lako mtu mwingine alisome. Utakavyo wewe.

Siyo kazi iliyonizuia kupanda. Ni ile kona. Gari linapita palepale pikipiki ya kaka ilipoteleza, na mimi kila nikifika stendi miguu inageuka. Jumatano ya msaragambo nitapanda. Zamu ya mtu haisemwi kwa mashine.

Aminiel


Vudee,
21 Agosti 2025

Aminiel,

Marahaba.

Kisanduku ni kizima. Nilikizima mimi.

Ilikuwa wiki ile ile matanga yalipoondoka. Kila jioni kilitaja jina la mtu na sauti ilikuwa yake, nami nikawa navumilia, nikisema huyu ni Rogath yuko kazini. Halafu zamu ikatufikia sisi, kikasema, "Kesho alfajiri, zamu ya Rogath." Mtu yuko nyuma ya migomba, udongo nimemtupia kwa mkono wangu, na anasema kesho ni zamu yake. Nikachomoa waya. Sikulia wala sikupiga kelele. Nilichomoa kama mtu anayeinjika sufuria nyingine, nikaendelea kupika. Tangu hapo Mama Kurwa ndiye aliyekuwa ananiita kutoka ng'ambo, zamu yako wee, nami nakwenda kufungua.

Uliponiuliza kama kinawaka sikutaka kukueleza hayo yote kwa karatasi. Nikasema kipo mahali pake, na kweli kilikuwepo. Halafu barua yako ikasema nyumba isiyo na mtu, na Mama Kurwa akaacha kuniita. Nikaunganisha. Nikasema, basi, wamenitoa. Haikuniuma, Aminiel. Ndicho kilichoniogopesha. Nilisimama shambani nikatazama maharage yanakauka nikayaona kama maharage ya mtu mwingine.

Kaka yangu amekubali kuja na gari. Sijamwambia asije.

Sauti usiiguse kwanza. Usiniulize kwa nini.

Faustina


Vudee,
31 Agosti 2025

Shemeji Aminiel,

Ulikuja. Nilikuwa kwenye ukingo wa ndiva na wanawake wenzangu tukipokezana karai za tope, nikakuona unashuka kwenye gari umeng'ang'ania mlango kama umepanda ndege. Nikajua kona umeipita.

Ulisema vizuri. Ulisema kosa ni lako, ukoo haukukaa, na zamu ya Rogath ni ya Faustina mkewe, asiguswe na mtu. Ulisema kama anayesoma matangazo ya kanisani, bila kupandisha wala kushusha. Mzee Mgonja akajibu, ndugu amesema, na safari hii amesema kwa mdomo, na watu wakacheka mpaka wewe ukacheka. Halafu ukazoa tope hadi mchana na viatu vyako vya ofisini. Halafu ukaondoka.

Nyumbani hukuingia. Makande yalikuwa jikoni, nilikuwa nimeweka na nazi. Nilikuona umesimama kwenye mchaichai, umeshika lango, ukaliachia. Sikukasirika. Chumba cha kaka yako na mimi naingia kutoa ufagio tu, natoka mbio. Siku nyingine utaingia, na makande yatakuwepo, kuku wamenenepa vya kutosha.

Habari za shamba sitakudanganya. Maharage ya juu yamekufa. Ya chini yatapona, kabichi ni nusu kwa nusu.

Ulipoondoka nilichomeka waya. Taa ikahangaika kidogo, ikatulia. Jioni ile kikamtaja Mzee Abdulrahmani. Kwa kuwa umezirudisha zamu kwenye mpangilio, nilijua jioni inayofuata ni nani. Siku nzima nilifanya kazi zangu nikijua. Giza lilipoanza kuingia nikakaa kwenye kigoda, mlango wazi, mkono karibu na waya. Kikasema, "Kesho alfajiri, zamu ya Rogath." Siku aliyorekodi alikuwa na mafua, sijui kama unakumbuka, kabla ya jina anavuta pua. Nilikuwa nimesahau hilo. Nikangoja nione kama mkono utachomoa. Haukuchomoa.

Basi sauti iache kama ilivyo. Maji ni yangu, watu wote wamesikia, na jina liendelee kuwa lake. Tutagawana hivyo. Kaka yangu nimemwandikia asilete gari.

Alfajiri nikachukua jembe nikaenda kufungua. Maji yakaja polepole, yamebeba majani na tope lenu la Jumatano, yakanipita miguuni. Yalikuwa ya baridi, shemeji. Baridi ya kule juu, ile ya kuuma mifupa. Niliisikia kwenye vidole, ikapanda kwenye magoti, ikafika hadi kwenye meno. Nikakaa kwenye tuta, jembe mapajani, nikalia kwa sauti, na maji yakaenda yenyewe kwenye maharage.

Ni mimi shemeji yako,
Faustina wa Rogath